Kuhusu mchoro wa ukutani wa Chaldon
Ndugu yangu, una siku moja tu Surrey, Uingereza, na unaogopa kulifikia kanisa la Chaldon kisha usiuelewe mchoro wake. Utauelewa. Kanisa ni dogo. Mali yake iko ukuta wa magharibi, mchoro wa takriban mwaka 1200, mwekundu kama udongo, uliofichwa na chokaa hadi karne ya 19.

Anza na ngazi ya katikati. Roho zinapanda, nyingine zinaporomoka. Juu kushoto Malaika Mikaeli anapima roho kwa mizani. Halafu shuka, usiharakishe: mla riba amekaa motoni, mifuko ya pesa inamning'inia, usoni hana macho. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Waumini wengi wa enzi hizo hawakujua kusoma, lakini hilo walilisoma.

Beba darubini ndogo, na uulize kwanza saa za kufunguliwa na za ibada. Usiguse ukuta hata kidogo. Plasta ya zamani hubanduka.

Na ule mchoro wa parokiani kwenu unaotaka kuufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, tafadhali uache. Maji huondoka na rangi. Mwite mtaalamu wa kuhifadhi michoro.