Kabla ya kutafuta wafuasi, wajue watu wako

Wiki iliyopita binti mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniandikia akitaka kujua ni mtandao upi utakaompatia wafuasi wengi kwa haraka. Nilimjibu kwamba aanze kwa kujua anataka kuzungumza na nani, na kwa kuwa swali hilo ni la wengi wenu, naeleza hapa sababu zangu.

Mwezi Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess wa Chicago walifungua ubao wa matangazo ndani ya kompyuta moja, ambao watu waliufikia kwa kompyuta zao kupitia laini ya simu, wakasoma na kuacha ujumbe. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuingia kwa wakati mmoja. Wengine walikuta laini inatumika, wakasubiri zamu. Walivumilia adha hiyo kwa sababu wapenzi wa kompyuta wa mji ule walikuwa tayari na chama chao na mambo mengi ya kuulizana. SixDegrees, mtandao wa kijamii ulioanza mwaka 1997, ulimwezesha mtu kuweka wasifu wake na kuorodhesha marafiki zake, yaani sehemu kubwa ya tunayoyaona leo, lakini haukudumu, kwa kuwa wengi ambao wanachama wangependa kuzungumza nao hawakuwa na intaneti.

Mimi nililiona hilo, kwamba watu hutangulia na mtandao hufuata, kwa macho yangu katika migahawa ya intaneti hapa Mwanza, enzi za Yahoo Messenger, programu ya kutumiana ujumbe, nilipokuwa nikiwasiliana na wanunuzi wa dagaa wa Dar es Salaam na Bujumbura. Kila aliyechukua mzigo nilimwandika katika daftari: jina, namba ya simu, mji, na aina ya dagaa anaopenda. Mfanyabiashara mwenzangu alinicheka mbele ya wateja kwamba nimepitwa na wakati, na maneno yale yananiuma hadi leo. Yahoo Messenger ilipozimwa Julai 2018, sikupoteza mteja hata mmoja, na hilo najivunia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni majina ya wateja wenu mahali ambapo hakuna kampuni inayoweza kuyafuta. Waambieni bei ya kweli, wajibuni siku hiyo hiyo, wapigieni simu hata msipokuwa na mzigo. Mkishapata watu kumi wanaowaamini, waulizeni wao wanatumia mtandao gani, kisha fungueni ukurasa huko.