Lami iliyokwanguliwa si takataka

Ndugu, umeuliza kwa nini mkandarasi hapo Mukono anakwangua lami iliyochakaa badala ya kumwaga mpya juu yake, na kama unaweza kuomba yale mabaki kwa ajili ya uwanja wa duka lako.

Ukifunika nyufa, baada ya muda hupanda tena juu. Halafu barabara inazidi kuinuka, mvua za Aprili zikija maji yanaacha mtaro na kuingia madukani (wenye maduka ya barabarani wananielewa).

Kuhusu mabaki: kokoto zake bado ni nzima. Lami yenyewe imezeeshwa na jua na hewa, imekuwa kavu, lakini haijafa. Kiwandani mabaki huchanganywa na lami mpya, mara nyingi yakiwa asilimia 10 hadi 30 ya mchanganyiko wote. Hayapigwi moto moja kwa moja, maana lami ya zamani itaungua. Hupashwa na kokoto mpya zilizochomwa sana. Njia nyingine ni ya baridi: mabaki huchanganywa na lami ya povu (lami ya moto iliyotiwa maji kidogo ikaumuka) na saruji kidogo, yakawa tabaka la chini la barabara. Kwa nchi kama Uganda, isiyo na bahari na inayosafirisha lami kutoka bandarini Mombasa, mimi naona kuyatupa ni hasara tupu.

Kwa hiyo omba, ila kwa msimamizi, si kwa dereva wa tipa. Tandaza sentimita 10 hivi, subiri jua kali, kisha shindilia kwa rola. Ukishindilia asubuhi kukiwa na baridi, hayatashikana.