Usitume hiyo advansi kabla hujaona risiti ya mizani

Mkuu, simama hapo hapo. Unataka kufungasha chai ya Rungwe hapa Dodoma, uandike kwenye pakiti kwamba mkulima kalipwa vizuri, na kuna wakala kakuahidi "atahakikisha nyongeza inawafikia", yaani ile pesa utakayowaongezea wakulima juu ya bei ya majani. Umeuliza TBS (wale wa viwango), mashine ya kufungashia, bei ya rejareja, na kama umtumie advansi. Naanza na la mwisho: USITUME.

Mimi nilituma. Na wakala wangu alikuwa na maneno matamu kuliko huyo wako, hadi dua alikuwa anaomba kabla ya kikao. Akaniletea orodha ya wakulima, majina matatu matatu, alama ya dole gumba mbele ya kila jina. Nikasema uwazi gani tena unatakiwa? Nikachapisha pakiti, nikasambaza Majengo na Sabasaba, nikauzia watumishi kule Mtumba, mji wa Serikali.

Sasa watumishi wa Dodoma wametoka kila mkoa, hilo sikulipigia hesabu. Mmoja kwao Tukuyu, huko huko Rungwe, mama yake ana shamba la chai. Kasoma pakiti, kapiga simu nyumbani palepale, kikombe mkononi. Mama yumo kwenye orodha yangu! Nyongeza hajawahi hata kuisikia, na malipo ya majani yenyewe bado alikuwa anayadai. Dole gumba lilikuwa la nani? Labda wakala ana vidole vingi. Jioni ile magrupu ya WhatsApp yakasema mzigo wangu wote ni chai, na hawakumaanisha majani. Maduka yakarudisha. Hadi leo mgeni akija kwangu haulizwi atakunywa nini.

Halafu kuna hesabu ya kilo, hapo ndipo nilipoingia mkenge mzima mzima. Mkulima anauza majani mabichi. Kilo moja ya chai kavu inakula majani mabichi kilo nne na nusu hadi tano hivi. Nyongeza yangu ilikuwa shilingi 500 kwa kilo ya chai kavu, yaani mkulima angeona kama shilingi 100 kwa kila kilo anayopima. Mimi nikaandika kwenye pakiti kwamba anapata 500 kwa kilo, wakala ananiangalia tu anacheka. Kwa hiyo hata angeifikisha yote, bado ningekuwa nimewadanganya wateja.

Na usidhani utamkwepa wakala kwa kununua shambani. Majani yakichumwa yanatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, kwa hiyo wewe wa Dodoma unanunua kwa kiwanda, na kiwanda kinachukua majani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Katikati kuna makato: mkopo wa mbolea, ushuru wa chama, unyevu wa majani yaliyonyeshewa. Mengine halali kabisa. Bila karatasi hutatofautisha halali na ulaji.

Kuna mshauri wa biashara aliniambia "jenga uaminifu kwanza, karatasi zitafuata". Yeye ada yake alilipwa siku ileile, na risiti akaandika.

Kanuni yangu ni moja: risiti ya mizani iliyobaki kwa mkulima, na meseji ya malipo kwenye simu yake. Vyote viwili vikubaliane na kilo ulizolipia, ndipo uandike neno lolote kwenye pakiti. Nyongeza iende kwenye simu ya mkulima au akaunti ya chama, tena kwa muhtasari wa mkutano wa wanachama. Hata Fairtrade, wale wa nembo ya biashara ya haki, ile pesa ya ziada inaingia kwenye chama cha wakulima na wanachama ndio wanaoamua itumikeje. Haipiti kwenye mfuko wa kaka mmoja mwenye pikipiki.

TBS na mashine, wapo humu watakujibu. Wewe kwenye orodha ya wakulima uliyotumiwa na wakala wako chagua namba tatu za simu, uzichague mwenyewe, upige leo. Uliza mara ya mwisho walipima kilo ngapi na wakalipwa shilingi ngapi. Zote tatu zikipokelewa na sauti ileile, rudi hapa utuambie.