Picha kupotea anapoingia mtu wa tatu
Ndugu, umeeleza kuwa mkutano wa watu wawili kupitia seva ya Jitsi (programu ya mikutano ya video) ya taasisi yenu huenda vizuri, lakini anapoingia wa tatu picha na sauti hupotea. Wawili kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja, ilhali kuanzia watatu mawasiliano hupitia daraja la video, yaani programu iliyo kwenye seva inayopokea na kusambaza picha na sauti, nalo yaelekea linawatangazia walio nje anwani ya ndani, mfano 192.168.1.20, wasiyoweza kuifikia. Andika anwani ya umma kwenye mipangilio ya daraja, kisha elekeza poti 10000 ya UDP (njia ya kusafirisha data inayobeba picha na sauti) kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva. Wengi hufungua poti 443, ambayo ni ya ukurasa wa wavuti, wakaridhika kuona ukurasa unafunguka, ilhali picha na sauti bado hazina njia. Tafadhali jaribuni kwa simu tatu zinazotumia data, nje ya Wi-Fi ya ofisi.