Indeksi ya h: kwa nini Google Scholar na Scopus hazilingani

Mdogo wangu wa Malimbe, umeuliza kwa nini mtafiti wa saikolojia ya haiba unayemwandikia kazi ya kozi ana indeksi ya h kubwa Google Scholar na ndogo Scopus, hifadhidata mbili za kutafutia machapisho ya kitaaluma. Indeksi ya h ni namba kubwa kabisa h ambayo mtu ana kazi h zilizonukuliwa angalau mara h kila moja. Hakuna iliyokosea. Scholar huokota karibu kila kitu, hadi tasnifu na ripoti za semina. Scopus huhesabu machapisho iliyoyachagua tu. Kwenye haiba pengo huwa pana kwa sababu watu hunukuu sana miongozo ya madodoso, kama ule wa NEO PI-R, dodoso la kupima haiba, wa Costa na McCrae (1992), na huo si makala ya jarida.

Hesabu mwenyewe. Panga kazi kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 25, 18, 12, 7, 6, 5, 2. Ya tano ina 6, inapita. Ya sita ina 5, inakwama. Indeksi ni 5. Hata ya kwanza ingenukuliwa mara 9,000, ingebaki 5 ileile, na hapo ndipo kipimo hiki alichokipendekeza Hirsch (2005) kinapomwonea mwenye kazi chache nzito.

Ila kinachoharibu zaidi ni majina. Akina Costa P. ni wengi mno. Pitia orodha yote. Ukikuta makala ya sangara katikati ya haiba, wasifu umechanganywa, kwa hiyo linganisha na ORCID yake, yaani namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti. Kumtafuta mwandishi Scopus ni bure, huhitaji akaunti ya chuo. Kwenye ripoti, kila namba iandikie chanzo na tarehe uliyoichukua, maana hubadilika kadiri muda unavyopita.