Kwa nini moyo ushambuliwe wakati kilichopasuliwa ni nyonga

Umeuliza inakuwaje moyo haujaguswa kabisa, kisha mgonjwa wa nyonga anapata shambulio la moyo. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza: utando wa mafuta ndani ya mshipa wa moyo unapasuka na damu inaganda juu yake. Upasuaji wenyewe huchochea hilo, maana mwili uliojeruhiwa hufanya damu igande kwa urahisi zaidi.

Ya pili huwa haipewi uzito unaostahili. Mishipa ilikuwa myembamba tangu zamani, halafu moyo unadai oksijeni kuliko inayofika. Misuli ya moyo hupata damu yake nyingi moyo unapolegea. Mapigo yakienda mbio, muda huo unafupika. Ongeza presha iliyoshuka, damu iliyopotea au oksijeni ndogo, na misuli inaanza kufa bila mshipa wowote kuziba.

Mara nyingi hutokea ndani ya siku mbili tatu baada ya upasuaji. Wengi hawasikii maumivu ya kifua, kwa sababu dawa za maumivu huyaficha. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa apimwe troponini (protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia) kabla ya upasuaji, kisha saa 24 na 48 baadaye.

Anayetumia beta-bloka (dawa za kupunguza kasi ya mapigo ya moyo) asiziache ghafla. Lakini kuanzishiwa dozi kubwa siku ileile ya upasuaji ni hatari: katika utafiti wa POISE wa 2008, uliojaribu dawa hizo kwa wagonjwa wa upasuaji, mashambulio ya moyo yalipungua, viharusi na vifo vikaongezeka. Na mwenye stenti mpya (kijibomba kinachouacha mshipa wa moyo wazi), tafadhali, asisimamishe dawa za kuzuia damu kuganda kabla daktari wa moyo hajaamua.