Loji imepitiwa na maji, bosi anataka ifunguliwe Julai: soma maji kwanza, saruji baadaye

Mkuu, umesema loji iko bondeni kando ya korongo, maji ya masika yamepita kwenye mahema ya upande wa chini, jiko na chumba cha betri. Bosi anataka kila kitu kirudi pale pale kabla wageni wa Julai hawajaanza kushuka, na wewe umepewa kazi ya kukusanya timu hapa Arusha. Unauliza mafundi wangapi na saruji mifuko mingapi. Mimi nasimamia ujenzi, na baada ya zile mvua zilizoanza na El Niño mwishoni mwa 2023 zikaungana na masika ya 2024, nilikuwa kwenye timu iliyorudisha kambi moja mbele ya Engaruka, njia ya kwenda Engaresero na Ziwa Natron. Usinunue hata mfuko mmoja kabla hujajua maji yalitokea wapi na yalifika kimo gani. Na bosi aking'ang'ania "pale pale", mgomee.

Ukifika utakuta wafanyakazi waliobaki wameshashika mafagio, wanataka waonekane wamefanya kazi. Wasimamishe kwa heshima. Tope lililoganda ukutani, nyasi zilizonasa kwenye migunga, mchanga uliorundikana nyuma ya tenki, hivyo vyote ni vipimo, na vikishafagiliwa basi tena. Chukua rangi ya kupuliza, piga mstari kwenye kila nguzo na kila mti tope lilipoishia, halafu tumia mpira wa maji, ule ule wa fundi mwashi wa kupimia usawa, kuhamisha kimo kutoka mti hadi mti. Piga picha. Kazi hiyo haigharimu kitu, na ndiyo itakayokuamulia mengine yote.

Sisi tulipofanya hivyo tukakuta jambo ambalo hata meneja aliyelala pale usiku wa mafuriko hakuliamini: korongo la mbele halikuvunja kingo zake. Maji yaliingilia nyuma, kwenye barabara ya magari. Land Cruiser zimepita pale miaka na miaka, udongo wa majivu ya volkano ukasagika ukawa vumbi, upepo ukalibeba, njia ikazama kuliko ardhi ya pembeni. Mvua ilipokuja ile barabara ikawa mfereji, na mwisho wa mfereji ni maegesho, na baada ya maegesho ni jiko. Wakati huo mwenye mali ameshaagiza waya za gabioni, vile vikapu vya waya vya kujaza mawe, ajenge ukuta upande wa korongo. Ukuta ule ungeyafungia maji ndani.

Kwa asiyezijua nchi za chini ya ukuta wa Bonde la Ufa: mvua si lazima inyeshe kwako. Inanyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro, wewe bondeni unaota jua, saa kadhaa baadaye korongo linanguruma. Na korongo likifika kwenye tambarare linapunguza mwendo, linabwaga mawe na mchanga, kitanda chake kinapanda mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja linaruka na kujichimbia njia nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia "tangu tufungue hapa hatujawahi kuona maji", hajakwambia kitu. Nenda kwenye boma la jirani, salimia wazee vizuri, kaa chini, uliza ng'ombe hupitishwa wapi masika na kwa nini hakuna aliyeweka boma upande ule. Mzee mmoja alitembea nasi akatuonyesha kwa fimbo njia ya zamani ya korongo. Ilipita katikati ya mahema ya chini. Sidhani kama kuna aliyemuuliza wakati wa kujenga. Walichotaka kijijini kilikuwa saini na mhuri.

Hapo ndipo unapata hoja ya kumpelekea bosi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Atasema korongo kavu si mto. Mwambie aende NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, akawaeleze hivyo yeye mwenyewe. Wa kwetu alinuna siku kadhaa, kisha akakubali mahema ya chini yahamie kwenye mwinuko, na lile eneo libaki la kuotea moto jioni, viti vya kukunja tu, kitu ambacho kikisombwa hakuna atakayelia.

Sasa timu. Usibebe jeshi. Chukua mafundi wachache wanaojua zaidi ya kazi moja: mwashi anayeweza kufunga nondo, seremala anayeweza kupanda paa, fundi bomba, fundi umeme wa sola. Vibarua chukua vijana wa pale pale, na bei ya siku ikubaliwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, siyo kichochoroni. Lakini mtu wa kwanza kumtafuta ni mpishi. Sitanii. Nimeona kambi inavunjika kwa sababu ya maharage mabichi kuliko kwa sababu ya mshahara. Na kumbuka vijana wa Kimaasai wengi hawali samaki, kwa hiyo ule mpango wa kushusha gunia la dagaa liwatoshe wote utakuletea kundi lisilokula na kundi linalocheka. Kila mwisho wa wiki nunua mbuzi bomani. Mnakula wote, na fedha inabaki kijijini.

Usafiri ndio utakaokula bajeti. Lami ya kwenda Karatu unaiacha Mto wa Mbu. Sisi tulipokunja kuelekea Engaruka tulikuta vumbi, mawe na makorongo, na Fuso ikijazwa kama inakwenda Babati italala kwenye mchanga. Punguza mzigo, ongeza safari, au mpate mwenye trekta na tela huko huko. Gari la kwanza lipeleke matenki, pampu, vyombo vya jiko, makoleo, toroli, turubai na dawa. Saruji iende mwishoni, ikiwa na pa kulala: ukiilaza kwenye sakafu ambayo bado inatoa jasho utapata mawe.

Mchanga wa korongo utakuvutia kwa sababu ni wa bure na mafuriko yameuleta mpaka mlangoni. Upime kwanza. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho yake. Tope litatulia juu ya mchanga na utaliona kwa macho. Likiwa nene, zege lako halitashika, bora ulipie mchanga wa mbali. Maji nayo: kadiri unavyosogea Ziwa Natron ndivyo chemchemi zinavyokuwa na magadi na chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye zege inaila nondo taratibu ndani kwa ndani. Sisi tulisomba maji ya kujengea kwa bauza, gharama iliuma, na bado naona ilikuwa sawa. Kisima cha loji kama kilifunikwa na mafuriko, chukulia kimechanganyika na shimo la majitaka mpaka maabara iseme vingine. Kinyonywe, kitiwe klorini, kinyonywe tena, kipimwe. Mpaka hapo hata wa kusukutua achemshe.

Chumba cha betri asiingie mtu yeyote zaidi ya fundi wa sola. Watu wanadhani wakizima swichi kubwa umeme umekwisha, kumbe paneli zilizoko juu zinaendelea kuzalisha madhali kuna jua. Zifunikwe na turubai zito kwanza, ndipo waya ziguswe. Inveta iliyozama usiijaribu "kuona kama inawaka".

Maturubai ya mahema mengi yanaokoka. Yasuguliwe kwa maji matupu na brashi laini, yaanikwe mpaka yakauke kabisa kabla ya kukunjwa. Dawa za kung'arisha nguo zinaua nyuzi. Magodoro yasahau.

Mahema mapya tuliyaweka juu ya majukwaa ya mbao yanayosimama kwa nguzo zilizotiwa dawa, sakafu ikiwa juu ya alama ya juu kabisa ya maji na nafasi ya ziada. Huku chini acha wazi. Kuna mafundi wanapenda kuziba kwa mawe ili papendeze kwenye picha. Wakatalie, maji yakikosa pa kupita yataanza kuchimba kwenye nguzo. Zile waya za gabioni hatukuzitupa, tulizitumia kwenye kona ya barabara. Barabara yenyewe tuliinyanyua kwa moramu na kuitolea michirizi ya pembeni kila baada ya mwendo mfupi, ili maji yatoke porini kabla hayajajikusanya. Ukiniuliza fedha ipi ilifanya kazi kubwa pale, ni hiyo ya moramu, na ndiyo iliyobishaniwa zaidi ofisini.

Kuhusu Julai. Malori hayapiti vizuri mpaka Mei inaelekea kuisha, na zege linahesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake. Piga hesabu mwenyewe. Kinachowezekana ni kufungua upande wa juu tu, jiko la muda chini ya turubai, na wageni nusu. Bosi awaambie mawakala mapema ili wageni wengine wapelekwe Karatu au Mto wa Mbu. Akikaa kimya mpaka Juni wataondoka na mwakani hawatarudi.

Kwenye mkataba wako andika nani analipa posho siku ambazo mvua imefunga njia na watu wamekaa bure, na nani anagharamia gari la kumtoa aliyeumia usiku. Hayo mawili yakibaki ya mdomo utalipa wewe. Ukishapiga ile mistari ya rangi, weka hapa picha na vimo, pamoja na picha ya barabara ya kuingilia ukiwa umesimama getini, tuangalie majukwaa yainuliwe kiasi gani.